Malalamiko Kuhusu Waya Kwenye Mlango wa Treni ya Plastiki

Mkaguzi Mstaafu wa Karakana,
Nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya zamani.
Jumanne.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wastaafu wa Reli.

YAH: KUPINGA PLASTIKI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kiuno kimeacha kukusumbua. Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia tangu kikao cha juzi, na nimeona niandike kwa utulivu kabla sijaandika kwa hasira.

Kama unavyojua, Jumamosi tunaweka kwenye kabati la kioo, katika ukumbi wa abiria, mfano mdogo wa kichwa chetu cha treni ya dizeli, kile tulichokihudumia mpaka kikastaafu pamoja nasi. Viwanda vikubwa vya treni za mfano havijapata kusikia habari zake, ndiyo maana tukaangukia kwa mafundi wawili wasiojulikana na mtu. Wa kwanza ni fundi wa tarumbeta za bendi, aliyetutengenezea kichwa cha shaba ya njano. Wa pili ni mama mmoja anayetengeneza meno ya bandia, aliyetutengenezea cha plastiki. Vyote viwili mmenikabidhi mimi nivitunze, na vipo hapa mezani. Cha shaba kinang'aa. Cha plastiki kinanikodolea macho. Kura zimegawanyika tatu kwa tatu, na ya saba ni ya Mzee Honi, dereva wetu, ambaye siku ile hakufika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wa tarumbeta alifanya kazi kwa michoro ya kiwandani, yenye mihuri. Mama wa meno alifanya kazi kwa picha. Sasa picha inapigwa na nani? Inapigwa na mtu yeyote aliyepita relini siku hiyo hana kazi ya kufanya. Haimwulizi mkaguzi, wala haina sehemu ya saini. Nilipomweleza mama huyo kwamba mteja ana haki ya kupata kitu kizuri kuliko alichokuwa nacho, alinijibu kwamba yeye hata meno hayatengenezi hivyo: kama jino la mbele la mtu lilikuwa limepinda, analipinda, vinginevyo wajukuu watamkimbia babu yao. Nikamwambia treni haina wajukuu. Akaendelea kupaka rangi.

2. Kwa sababu ya picha hizo, mlango wa injini, upande wa kushoto, umefungwa kwa waya. Si waya wa kuchora, ni waya wenyewe, ule mwembamba anaoshikizia meno, na ameusokota mara tatu. Napenda ieleweke kwamba ule wa kwenye kichwa chenyewe haukuwa waya. Lilikuwa komeo la muda, likingojea komeo la kudumu ambalo liliagizwa kwa kufuata utaratibu. Kwamba muda wenyewe ulifika miaka kumi na moja si kosa la karakana. Kila mwaka niliukagua mlango huo, na kila mwaka niliandika kwenye fomu, kwa mkono wangu, "Komeo: zuri." Fomu kumi na moja, saini kumi na moja. Sasa abiria watasimama mbele ya kioo, wataona waya, halafu watauliza mkaguzi alikuwa nani. Nitaumbuka mtu mzima, Ndugu Mwenyekiti, na mke wangu hupita pale kila wiki akienda kwa dada yake.

3. Tumbo la kichwa cha plastiki ni la pinki, rangi ya ufizi. Mama anasema chini hakuna anayetazama. Mimi nimetazama.

4. Kuna watakaosema kwamba kichwa chenyewe bado kipo, kimeegeshwa kwenye reli ya pembeni, hatua mia mbili kutoka ukumbini, na waya wake mlangoni, kwa hiyo mtu akitaka anaweza kwenda kulinganisha. Hoja hii nimeifikiria kwa kina. Napendekeza kichwa hicho kirekebishwe kifanane na mfano wa shaba. Ikishindikana, kifunikwe turubai. Kama turubai halipo, upandwe ua mrefu wa michongoma kuizunguka reli ile, na wanachama wote watie saini tamko kwamba wanalikumbuka komeo. Tamko nimeshaliandaa. Mahali pa kuandika komeo lilikuwa la rangi gani nimepaacha wazi, tukubaliane kwanza.

5. Sasa suala zito. Mzee Honi haoni. Ni miaka miwili macho yamemwisha, na wote tumesikitika, mimi zaidi, maana tumefanya kazi pamoja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Lakini tusichanganye huruma na utaratibu. Kitu cha kuwekwa kwenye kioo ni cha kutazamwa. Asiyetazama atachaguaje? Ni sawa na mimi, nisiyeweza hata kupiga mluzi, kupewa kazi ya kuchagua waimbaji. Isitoshe, ana jambo na mimi: siku ya kumuaga alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba katika utumishi wake hajawahi kusoma hata fomu yangu moja. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, ila nilipofika nyumbani sikula. Naomba kura yake ifutwe. Na kwa kuwa zitabaki sita, yaani tatu kwa tatu, naomba yangu ihesabiwe mara mbili, kwa sababu mimi ndiye niliyekabidhiwa vitu.

Kesho asubuhi nitampelekea Mzee Honi taarifa hii, kwa heshima zote, pamoja na vichwa vyote viwili, asije akasema alifichwa.

Nina imani kikao kitatenda haki kwa kuchagua shaba. Wasalimie wote hapo nyumbani, na umwambie shemeji yale maua aliyonipa yameshika. Msalimie karani wa tiketi. Msalimie hata yule mwanachama aliyezitoa zile picha, simtaji, anajijua.

Wako katika reli na utaratibu,

Mkaguzi Mstaafu wa Karakana
(Mhuri)

Nakala: Jalada langu.

Nyongeza, Jumatano mchana:

Nilikwenda. Barua hii ingefaa kuchanwa, lakini ilikwisha kupigwa mhuri, na mimi sijapata kuchana karatasi niliyoisaini. Nadhani hapo ndipo matatizo yangu yote yalipoanzia.

Nilimkuta Mzee Honi sebuleni, redio mapajani. Nikamsomea ile sehemu ya kura yake. Akasema, "Sawa, bwana Mkaguzi, lakini si unipe nishike kwanza?" Nikampa cha shaba. Akakipapasa kwa adabu, mbele, nyuma, juu, kisha akaniuliza, "Birika la nani hili?" Nikampa cha plastiki. Kidole gumba chake kikatembea ubavuni, upande wa kushoto, kikafika mlangoni, kikasimama. Akauzungusha waya kwa kidole, mkewe akachungulia kutoka jikoni.

Akasema, "Mkaguzi, huu si mlango wako?" Nikamwambia mlango si wangu, ni wa shirika. Akasema, "Acha bwana. Fomu zako kweli sikuzisoma. Za nini? Kila asubuhi kabla sijapanda nilikuwa napitisha mkono hapa. Nikikuta waya umekazwa, najua umeshapita, naondoka na watu wangu. Miaka kumi na moja, sijaukuta umelegea hata siku moja."

Ndugu Mwenyekiti, ni kweli nilikuwa naukaza. Kila alfajiri, kwa plaizi, kabla watu hawajafika kazini. Nilikwenda mapema kwa sababu niliona haya, na sikujua kwamba kuna mtu aliyejua. Nililia pale kwa Mzee Honi, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo hata kwenye barua rasmi.

Kura yake ni plastiki. Yangu pia ni plastiki, na ihesabiwe mara moja. Lile tamko la komeo lisisambazwe.

Waya wa kile cha plastiki ulilegea kidogo kwa kupapaswa. Nimeukaza.