Kitambaa cha Pili

Jumatatu, 12 Agosti
We Jolene, kama unalisoma daftari hili, lifunge sasa hivi. Huna adabu.
Haya. Mjukuu wangu Jolene ana mashindano ya sayansi Ijumaa. Mshindi anapelekwa mjini Kimberley, na Jolene anaitaka Kimberley kuliko chakula. Katengeneza kinu cha upepo kwa makopo ya samaki. Anatafuta mabawa yakunjwe vipi kizunguke zaidi, halafu akirekebishe kile kikubwa kinachotuvutia maji kwa uvivu. Bawa moja lina kitambaa chekundu. Kikipita mara moja, mzunguko mmoja. Mabawa bapa, ishirini kwa dakika. Yaliyokunjwa, ishirini na sita. Basi? Kidogo hivyo? Jirani Lenie kaniambia juu ya uzio kwamba mjukuu wake anawasha taa kwa viazi. Nikamjibu viazi vyake havijawahi kuiva hata kwenye mchuzi.

Jumanne, 13 Agosti
Nimekipaka kinu mafuta ya mkia wa kondoo. Mbwa kayalamba, kakiangusha. Jolene kauliza nani kakigusa. Nikasema upepo wa Agosti hauna malezi.

Jumatano, 14 Agosti
Akili imenijia nikikanda unga. Kitambaa kimoja, ishirini na sita. Viwili je? Nimekata kipande cha aproni yangu nyekundu ya Krismasi, nikakifunga kwenye bawa la upande wa pili. Nikamwambia Jolene ahesabu kupitia dirisha la jikoni, nje atapata kikohozi. Hamsini na mbili! Kahesabu tena. Hamsini na mbili. Kaandika huku kakunja uso. Lenie nimeshamwambia. Kanisa zima nimeshaliambia.

Ijumaa, 16 Agosti
Ukumbi wa shule. Wameleta feni. Mwalimu Swartbooi, ndiye mwamuzi, kakisimamisha kinu kwa kidole. Vitambaa viwili. Jolene hakutazama kinu, kanitazama mimi. Lenie meno yote nje.
Jolene kasema taratibu, "Mwalimu, hicho cha pili ni cha bibi yangu. Kila mzunguko nimeuhesabu mara mbili. Namba za Jumatano nazifuta. Za Jumatatu ni zangu."
Kachora mstari mbele ya watu. Wamehesabu upya kwa kitambaa kimoja: yaliyokunjwa bado yanashinda. Swartbooi kasema Kimberley wanahitaji mtoto anayejua kufuta. Taa ya viazi ilikuwa imezimika zamani.

Jumamosi, 17 Agosti
Wote wanampongeza Jolene. Mimi hakuna hata chai. Lakini bila kitambaa changu angefuta nini? Kafuta kitambaa kimoja, kapata Kimberley. Akifuta viwili je?
Jolene, lete mkasi na aproni iliyobaki.