Mzee wa Gitaa Hajauzwa

Jumapili, 3 Machi

Nimepika cha watu watatu, nimekula peke yangu. Wanangu hawakuja. Dada mtu, muuguzi wa wodi ya mifupa, ana zamu eti. Mdogo wake, fundi lifti, kachoka eti. Uongo mtupu. Ni ile sabuni.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani, televisheni inaongea peke yake. Likaja tangazo la sabuni ya unga, na ndani yake wimbo wa Radi Kavu. Ile bendi ya roki ya marehemu baba yao, iliyopiga kelele humu ndani tangu watoto wanatambaa. Wimbo ni "Hatuna Bei". Kwenye tangazo wanaimba "Hatuna Doa". Mwanangu mdogo akaweka kijiko chini, akasema basi, wamejiuza. Dada yake akasema wazee wana magoti, magoti yanataka daktari, na daktari halipwi kwa gitaa. Yeye akasema wimbo ule ni wa baba. Dada akasema baba mwenyewe angeinunua hiyo sabuni. Hapo akaitwa wakala wa sabuni. Naye akamwita mdogo wake mlinzi wa kaburi. Wakaondoka mmoja mmoja, chakula kinapoa.

Jumamosi Radi Kavu wanapiga hapa mjini. Marehemu alituahidi kutupeleka sote siku wakirudi. Hakuwahi. Tiketi tatu ziko kwenye droo ya cherehani, viti vimefuatana. Nataka kukaa katikati ya wanangu. Sitaki kingine.

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata akili. Mashabiki wana kundi lao kwenye simu. Mwanangu ndiye msimamizi, dada yake yumo, na humo ndimo wanamochomana. Nami nitaingia, ila si kama mama. Mambo ya roki nani amsikilize mama?

Fundi Simu wa mlango wa pili kaniunganisha kwa laini mpya. Akauliza jina. Mzee wa Gitaa, nikasema. Akauliza picha. Nikampa yule bwana wa masharubu aliyechorwa kwenye pakiti ya karatasi za kukatia mashati. Fundi Simu akasema mama, huyu anafanana na mtu wa benki. Nikamwambia apige masharubu peke yake. Nikamwapisha asimwambie mtu mambo yangu. Akaapa.

Mwanangu kanipokea kwa mkono wake. Kaandika, karibu mzee wetu. Nikajisikia vibaya kidogo. Kisha vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kutwa, shati la mteja limelala mezani bila mikono. Wanabishana kama wanagawana urithi. Kuna wanaosema bendi ilikufa siku ilipoleta kinanda. Wengine wanasema ilikufa kabla, siku mwimbaji aliponyoa nywele. Mmoja anadai haikuwahi kuwa hai, na bado kakaa kwenye kundi.

Nikaandika kwamba mimi nilikuwepo walipopiga kwenye ghala lenye maji sakafuni. Ni nusu kweli. Aliyekuwepo ni marehemu. Alirudi viatu vinatoa maji, akiimba, na mimi nikamgombeza juu ya viatu. Sikumwuliza hata kidogo walipiga nini. Laiti ningemwuliza.

Nikamalizia hivi: vaeni vya joto, jioni kunapoa, mmeshakula? Wakacheka sana. Wakasema huyu ndiye mzee wa kweli, wa zamani hawana makuu.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimevuka mpaka. Nilikuwa napiga pasi kola, wazo likanijia na mvuke. Nikaandika kwamba mpiga ngoma wa Radi Kavu anaumwa mikono, hawezi kushika hata kijiko, na pesa yote ya sabuni ni ya matibabu yake. Wenzake wamenyamaza ili kumsitiri.

 Kundi zima likaanza kulia kwa maandishi. Yule anayesema bendi haikuwahi kuwa hai akaomba radhi. Mwanangu akaandika kwamba kama ni kweli, amewakosea wazee, na kuna mtu mwingine pia amemkosea.

Mtu mwingine! Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikashika kifua. Mtu mwingine ni dada yake, nani tena?

Halafu yule dada akanitumia ujumbe wa pembeni. Mzee shikamoo. Mimi ni muuguzi wa mifupa, kuna daktari wetu wa viganja, mtu mwema sana, nimeshaongea naye. Mgonjwa yuko wapi tumfuate?

Nikajibu, marahaba mwanangu, ngoja niulize. Nikazima simu, nikashona kifungo mahali pasipo na tundu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwisha. Kuna mtu kapeleka picha za Radi Kavu wakifanya mazoezi jana. Mpiga ngoma yuko katikati, anapiga kama anayepasua kuni. Mikono yote miwili.

Hawakusema mzee kakosea. Walisema mzee kanunuliwa. Kwamba kampuni ya sabuni imenipenyeza kundini kuisafisha bendi. Kisha wakagawanyika. Kuna wanaosema nilikuwa wakala tangu mwanzo, tazama masharubu. Wengine wananitetea, wanasema Mzee wa Gitaa wa mwanzo alikuwa safi, wa ghala na maji, ila umaarufu ulimharibu. Mmoja anaandika kwa uchungu kwamba mzee wa Jumanne hakuwa hivi. Mwanangu na dada yake wakaingia pande mbili, bila shaka. Yeye akasema nimejiuza. Dada akasema labda mzee ana shida zake.

Ningenyamaza. Lakini kuitwa mwongo na mwanao mwenyewe kunauma hata ukiwa mwongo. Nikaandika: wanangu, Mzee wa Gitaa hajauzwa. Punguzeni hasira. Mmeshakula?

Mwanangu hakujibu. Dada hakujibu. Kimya kile nakijua. Ndicho walichokuwa wakikaa nacho wakiwa wadogo, wakigundua nilikoficha sukari.

Ijumaa, 8 Machi

Walikuja baada ya kazi, kila mmoja na njia yake, wakakutana mlangoni. Mara ya kwanza tangu siku ya sabuni. Nikafurahi, nikaficha.

Dada kaichukua ile pakiti ya mashati kutoka rafu, kaiweka mezani, kaniuliza kama namfahamu huyu bwana. Nikasema ni mgeni kwangu. Akasema mama, nimekua nikitazamwa na huyu mtu. Kisha akaniambia amemsumbua daktari wa watu, amempangia mgonjwa nafasi, mgonjwa asiye mgonjwa. Leo wodini wanamwita meneja wa bendi.

Huyu mdogo hakupandisha sauti. Ingekuwa heri apandishe. Alisema Jumatano alisimama ndani ya lifti anayoitengeneza, akasoma habari ya ile mikono, akalia. Akamwandikia dada yake ujumbe wa kuomba msamaha. Akautazama kutwa, hajui aanzeje kuutuma. Zilipokuja picha akaufuta.

Dada akamwuliza ulisemaje. Akasema haijalishi, uliandikwa kwa uongo wa mtu.

Nikawapakulia. Walikula, sina budi kuandika hilo, walikula wote wawili kwenye meza moja, ingawa kila mmoja alitazama sahani yake. Wakati wa kuondoka wakasema Jumamosi hawaendi. Dada akasema tiketi yake nimpe mtu yeyote. Mdogo wake akasema na yangu.

Ujumbe ulikuwa umeshaandikwa. Ningekaa tu na mashati yangu, labda siku moja angeuandika bila uongo wangu, akautuma.

Jumamosi, 9 Machi

Nikafikiri hivi. Wakija kuchukua tiketi watawapa watu, na viti vitakaliwa na wageni. Basi niondoke nazo mapema, zote tatu. Wakitaka viti, watanifuata. Akili ya mama. Nikazima simu nisisome matusi ya Mzee wa Gitaa, nikamuaga Fundi Simu, nikatoka mchana.

Nilikaa katikati. Kiti cha kulia nikaweka sweta, cha kushoto mkoba. Kila aliyeuliza nilimwambia wanakuja, wako njiani.

Wazee wa bendi wakatoka wakitembea polepole, mmoja kashikwa mkono. Wakapiga. Walipofika "Hatuna Bei", nusu ya watu wakazomea na nusu wakaimba kwa nguvu kuwashinda wanaozomea. Sikuwa nimewahi kuusikiliza hadi mwisho. Nyumbani nilikuwa naupunguza sauti, na marehemu akiinuka kuongeza, napunguza tena. Kumbe mwishoni gitaa linabaki peke yake, taratibu, kama mtu anayefunga mlango bila kuamsha watoto. Nikalia. Mtu aliyekaa ng'ambo ya sweta akanipa kitambaa akasema na yeye ile sabuni imemuuma.

Nimerudi nikakuta maganda ya machungwa kwenye ngazi ya mlangoni. Fundi Simu alikuwa bado dukani. Akasema wanao walikuja. Kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja kasema hawezi kumwacha mama aende peke yake. Wamegonga weee. Simu yangu imezimwa, wakaogopa labda nimeumwa ndani. Akachungulia dirishani kwa ajili yao. Kisha wakaketi ngazini, wakala machungwa, wakabishana habari ya bendi, wakanyamaza, wakangoja. Kiza kilipoingia wakaondoka.

Nikamwuliza, wewe ulijua nilikokwenda, mbona hukuwaambia? Akasema mama, si uliniapisha nisimwambie mtu mambo yako?

Nikamwuliza walikaaje pale ngazini, karibu karibu au mbali mbali? Akafikiri. Akasema ngazi yenyewe ni nyembamba.

Walikuwa pamoja, bega kwa bega, na mimi niko mjini nalindia sweta kiti.

Jumapili, 10 Machi

Jana usiku niliwaandikia kwamba nimerudi salama, leo mwanangu kajibu. Mama, tumefurahi u mzima. Leo hatuji, labda wiki ijayo. Ameandika "hatuji". Sijui ni wao wawili au ni namna tu ya kuandika. Nimeusoma hadi chai imepoa. Ningemwuliza, lakini ningeonekana nachimba.

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: mtoto akiwa na jambo lake moyoni, muache alitoe mwenyewe. Mama aliyeingia katikati ndiye aliyeziba njia. Sitaingia tena.

Ila kundi limebaki vibaya. Mzee wa Gitaa kafukuzwa, na watu bado wanararuana juu yake, na mwanangu anabeba lawama kama msimamizi. Anahitaji mtu wa kumsemea, mtu mtulivu. Nimekwenda kwa Fundi Simu, kaniunganisha tena. Safari hii ni Shangazi wa Besi. Picha ni ya bibi wa kwenye pakiti ya sketi, mabega tu.

Na kuhusu kula sitauliza ng'o. Hapo ndipo waliponikamata. Nitauliza tu kama wamelala vizuri.