Watu Arobaini na Mmoja Wanaonitegemea

Jumatatu, 8 Mei 1989

Ieleweke kwa wote wanaohusika, kuanzia mtaa wetu wa Manyatta hadi ng'ambo ya ziwa: leo saa nne na robo asubuhi, mimi Dalmas Ouma nimenunua bahasha. Ya kaki. Kubwa. Ile ambayo barua inalala ndani bila kukunjwa.

Ndani itaingia fomu ya kudai kodi yangu Botswana. Nilifundisha useremala kule miaka miwili na ushei. Nilirudi mwaka wa kodi ukiwa katikati, kumbe walikuwa wamenikata kama mtu atakayekaa hadi mwisho. Sasa wananirudishia! Opiyo, jirani yangu tuliyefundisha naye shule moja, ndiye aliyeleta fomu. Yake moja, yangu moja. Mtu mzuri, Opiyo. Anaudhi.

Benta, mke wangu, hakupiga makofi. Alinikumbusha cherehani. Naandika jambo hili mara moja tu: mkataba ulipoisha nilinunua redio kubwa ya kaseti, nauli ikabaki dukani. Benta akaweka cherehani yake rehani kwa Mama Wangui, mwenye duka la nguo pale Otonglo, ndipo nikafika nyumbani. Mwisho wa kuikomboa ni tarehe 30 Juni. Ikipita hapo, inauzwa. Nimemwambia atulie. Amesema, "Baba Lornah, nimetulia tangu mwaka jana. Kutulia kwenyewe kumenichosha."

Jumatano, 10 Mei

Opiyo amejaza fomu yake akisubiri chai ipoe. Dakika kumi. Kisha akaituma. Mimi ni mtu wa kufikiri.

Kipengele cha saba: watu wanaokutegemea. Kila unayemwandika anakupunguzia kodi. Opiyo ameandika mke na mtoto. Basi! Nikamwuliza mama yake mzazi amemkosea nini. Akasema, "Omera, ndugu yangu, wanataka wale unaowalisha, si wale unaowasalimia." Mtu asiye na ukoo moyoni.

Nikaanza. Benta. Binti yetu Lornah. Mama. Wajane wawili wa kaka yangu na watoto wao tisa. Mistari kwenye fomu ilikuwa mitatu tu, nikaongeza karatasi. Nimefika ishirini na wawili na bado sijagusa upande wa mama.

Watu wengi, kodi ndogo. Kodi ndogo, marejesho makubwa. Cherehani mbili!

Jumamosi, 13 Mei

Nimekwenda nyumbani Katito kuchukua majina kamili na umri. Nilimweleza shangazi Selpha, dada ya marehemu baba, nikamwomba asimwambie mtu. Akaniahidi, akajifunga leso, akaenda moja kwa moja sokoni.

Saa nane uwanja wa mama ulikuwa umejaa. Habari ilikuwa imewafikia hivi: Dalmas anaandika majina, pesa za Botswana zitagawanywa kwa kichwa. Nilieleza. Nilieleza tena. Binamu yangu Dorca akaleta kuku, akaomba niandike na mimba yake, tena mara mbili, maana mkunga amesema ni mapacha. Mzee mmoja alitaka marehemu babu aandikwe: kaburi linasubiri saruji, na saruji inanisubiri mimi. Wasike, fundi wa baiskeli, si wa ukoo wetu wala wa kabila letu, akadai ananitegemea kuliko wote. Alisema hakuna baiskeli inayoharibika kama yangu.

Ningefanyaje? Kuku wa nyumbani hakataliwi. Ukimkataa umemtukana aliyemleta. Walikuja kuku watano. Nikaandika wote. Watu, si kuku.

Jumla: arobaini na mmoja.

Jumanne, 16 Mei

Nimetuma. Karani wa posta aliipima bahasha akauliza kama ni kitabu. Nikamwambia ni familia.

Ijumaa, 16 Juni

Hundi ya Opiyo imefika. Alikuja kunionyesha, eti nipate moyo. Nikapata kiungulia. Halafu akasema anaweza kuniazima nikomboe cherehani, nitamlipa yangu ikija. Alisema mbele ya Benta! Nikamshukuru. Nikasema nisingependa kuvuruga hesabu zake ndogo wakati yangu kubwa iko njiani.

Opiyo akaaga. Benta alinitazama kama anavyomtazama samaki wa juzi, akaenda kuteka maji. Ndoo zilikuwa zimejaa.

Ijumaa, 23 Juni

Barua imefika! Haina hundi.

Afisa anaandika kwa adabu sana. Anasifu moyo wangu mkubwa. Anaomba cheti cha kuzaliwa cha kila mtegemezi, pamoja na risiti za pesa nilizowatumia nikiwa kule. Pia anauliza, bila kunikosea heshima, kuhusu namba thelathini na saba, mwenye miaka tisini na minne, kazi yake: marehemu. Kama sina vyeti, nijaze upya fomu aliyoambatanisha, niandike mke na mtoto tu. Faili litasubiri.

Benta alicheka kicheko kisicho na furaha. Akasema risiti anazo: barua mbili, na picha yangu nimeegemea gari la mtu.

Zimebaki siku saba.

Jumanne, 27 Juni

Shangazi Selpha amewasili Manyatta na watu sita. Wamesikia barua imekuja. Nimewaeleza kwamba barua si pesa. Shangazi akasema hakuna haraka, watangoja. Tangu jana jioni wamemaliza unga wa wiki. Sasa wananitegemea kweli, na sina hata karatasi ya kuthibitisha.

Ijumaa, 30 Juni

Kanisani Jumapili nitasema cherehani nimeikomboa mimi. Humu naandika ilivyokuwa.

Asubuhi nilivaa suti, nikaenda Otonglo kumwomba Mama Wangui wiki mbili zaidi. Hotuba nilikuwa nayo kichwani, yenye sehemu tatu. Nikamkuta Benta ameketi dukani, cherehani mbele yake, anashona sketi ya shule. Mama Wangui akaniambia nisogee, nazuia mwanga.

Kumbe Benta alikwenda kwake siku ileile nilipokataa pesa za Opiyo. Walikubaliana ashone sketi sitini, deni liishe. Ile ilikuwa ya sitini. Nilidhani siku zote hizo yuko kwenye kikundi cha akina mama. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, bila kuinua macho, kwamba aliogopa ningemjazia fomu.

Mama Wangui akacheka mpaka akashika meza. "Wewe bwana, umeoa benki. Botswana unatafuta nini?"

Nilikuwa na hotuba, lakini haikuhusu hapo. Mchango wangu wote katika ukombozi huu ni kuibeba cherehani kutoka Otonglo hadi barabara kuu, na hata hapo Benta alinipokea mara mbili.

Shangazi na wenzake wameondoka. Benta aliwapa nauli. Opiyo amepita jioni, ameniandikia fomu mpya kwa penseli: mke, mtoto, basi. Kazi yangu ni kupitisha wino na kutia sahihi. Anasema baada ya mwezi mmoja nitakuwa na hundi. Nimekubali. Kwa kweli nimekubali.

Ila niligeuza ukurasa. Kule nyuma kuna kipengele cha kumi na moja, ambacho Opiyo kwa haraka zake alikipiga mstari tu: vitu ulivyonunua kwa ajili ya kazi. Mtu anaachaje mali hapo? Mwalimu hafundishi uchi. Nimeanza na kofia. Saa hii niko kwenye soksi, na karatasi imeisha.