Jiwe Nyuma ya Jeep Mupya

Leo nimejiaibisha mbele ya Bukavu nzima. Video inazunguka kwenye simu za watu, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe.

Kwa wasionijua: mimi ndiye Papa Riziki wa kipindi cha motokari kwenye redio. Ninaambiaka watu ukweli, motokari gani inapanda Bagira na mzigo, na gani itakuacha kwenye matope ya Walungu. Kila juma ninamaliza na neno lilelile: "Mimi sinunuliwi." (Hilo neno mulikumbuke.)

Asubuhi kulikuwa na sherehe ya kuonyesha jeep mpya kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Nilifika mapema, na tai shingoni. Mlangoni, madame wa kampuni akaniuliza, "Papa, uko influenceur ama journaliste?"

"Journaliste."

"Bajournalistes banakaa kule nyuma ya kamba. Motokari hamutaigusa."

Nyuma ya kamba ni karibu na jiko. Nilivuta moshi wa brochettes, wengine wakila nyama yake. Mbele walikaa vijana wa mitandao, na mmoja wao hajawahi kushika usukani maisha yake yote. Ndiye aliyepewa ufunguo wa kwanza. Nikaomba nifungue capot tu, nichungulie moteur. Madame akasema kwa upole, "Papa, kipindi yako tunasikiaka. Ndiyo maana." Roho iliniuma sana.

Basi shetani akanipata. Bénita, mtoto wa dada yangu, anatengeneza video za kuchekesha, naye alikuwa amealikwa. Nikavua tai, nikavaa miwani yake ya jua. (Ina maua pembeni. Endeleeni tu kusoma.) Bénita akamwambia madame, "Huyu tonton tuko naye équipe moja." Kama alinitambua, hakujali: pale pale nikawa "chef", nikaletewa kiti na sahani. Ndiyo, nilikula.

Zamu yetu ikafika. Sharti lilikuwa moja: kuongea kwenye simu, watu wakitazama moja kwa moja mitandaoni, na kusema maneno waliyotupangia. Mimi sikuwa nimepima chochote. Lakini nilitaka kuiendesha ile jeep, jamani, nilitaka mno.

Tukapanda mlima, Bénita anafilimu, madame amekaa nyuma. Katikati ya mteremko nikasimama, nikazima moteur, nikabonyeza kitufe cha frein, ile breki ya kuegesha. Nikaitazama simu meno yote nje: "Hii frein inajishika yenyewe. Milima ya Bukavu si kitu kwake. Mulale usingizi."

"Tonton, shuka sasa, uonyeshe milango," Bénita akasema.

Nikashuka. Na mikono yangu, mikono ya mtu aliyeegesha motokari kwenye hii milima tangu ujana, haikuniomba ruhusa. Niliinama, nikaokota jiwe kando ya barabara, nikaliweka nyuma ya mupira wa motokari. Nikalisukuma na kiatu ili likae vizuri. Kisha nikajipangusa na kuendelea: "Usalama kabisa."

Simu ya Bénita ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. Madame akashuka, akaangalia jiwe, akaniangalia mimi.

"Papa, ile libwe ni ya nini?"

"Ni mazoea, madame."

Kwenye simu watu walishaanza kuandika. "Huyu si Papa Sinunuliwi?" Mwingine: "Papa Riziki, bamekununua na brochette?" Nilitamani ziwa linimeze, pamoja na miwani ya Bénita.

Lakini kilichonimaliza ni simu ya jioni. Maman Nabintu, anayeleta mihogo kutoka Walungu, ni mwaka mzima anangoja neno langu ndipo anunue motokari. Hakucheka hata kidogo. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia: "Papa Riziki, sasa miye nifuate mudomo yako, ama nifuate libwe?"

"Fuata libwe, maman."

Na ninyi tafadhali musinicheke sana. Kama kuna anayejua ile frein inashika ama haishiki, aniambie, kwa sababu mimi bado sijui.