Kitanda cha Pili Melini

Jumatatu, 3 Novemba

Siku kubwa! Mama mkwe ametangaza. Tangu astaafu ukunga, miaka kumi na moja iliyopita, alikuwa akijiwekea akiba kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Leo katuita wote sebuleni kwake, katuonyesha tiketi. Meli! Wiki mbili, kusini kabisa, mpaka kwenye barafu na pengwini. Kisha akasema jambo lililonifanya nimwage chai kwenye suruali. Chumba chake melini kina vitanda viwili, na atachagua mmoja wetu wa kufuatana naye. Jibu Jumatatu ijayo.

Kitanda cha pili ni changu. Nani mwingine? Mimi ndiye mwenye jukwaa la mtandaoni la ushauri wa safari za meli, Sitaha ya Juu. Wanachama mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja kwa lakabu yake. Mimi ni Nahodha. Ni kweli, meli yenyewe sijawahi kupanda. Lakini nimeuza masinki na mahodhi ya kuogea miaka kumi na tisa. Maji nayajua.

Tatizo ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada mkubwa wa mke wangu. Fundi friji. Hata kikombe hakijafika nusu, tayari anamwambia Mama kwamba yeye na barafu ni ndugu. Kiherehere kile!

Mke wangu alikaa pembeni na kijitabu cha maelekezo, anasoma mpaka yale maandishi madogo ya mwisho. Kazi ya masjala ya zahanati imemharibu huyu mwanamke. Kila karatasi lazima aimalize.

Jumanne, 4 Novemba

Nimetoa Ushauri wa 31: chagua chumba cha juu kabisa na mbele kabisa, upate upepo. Pongezi zikamiminika. Halafu akaja Maji Baridi.

Huyu mtu alijiunga mwezi wa nane na tangu hapo sijapumua. Ana adabu, hilo silikatai, lakini ni adabu ya kukuchoma. Akauliza kama si kweli kwamba chumba cha chini, katikati ya meli, ndicho kinachotikisika kidogo. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya wanaoanza. Akauliza mimi nimevuka bahari ipi. Nikajibu kwamba bahari ni moja tu, majina tumeipa sisi. Nilijipiga begani mwenyewe kwa jibu hilo.

Nikatoa Ushauri wa 32: beba mkate wa kutosha kwa ajili ya pengwini. Haikupita robo saa, Maji Baridi huyo! Kwamba ni marufuku kuwalisha, kwamba abiria husimama mita tano kutoka walipo, kwamba hata soli za buti husuguliwa kabla ya kushuka nchi kavu. Nimefuta ushauri. Nimesema simu ilijiandikia.

Sasa nimemjua. Ni mwanyumba! Nani mwingine angenifuatafuata hivi? Haya, tutaonana.

Jumatano, 5 Novemba

Lo! Mwanyumba kamzidi shetani mwenyewe. Leo asubuhi kamchukua Mama mpaka kwenye bucha anakotengeneza mitambo, kamkalisha ndani ya chumba cha baridi, kati ya ng'ombe wawili waliotundikwa, eti amzoeze hali ya hewa ya kusini. Nusu saa! Mama ametoka akiwa mzima wa afya, akamsifu mwenye bucha kwa usafi. Mwanyumba ametoka midomo ya buluu, anatetemeka mpaka funguo zinalia mfukoni. Bado anajisifu.

Lazima nijibu mapigo.

Mke wangu ameomba likizo kazini, wiki tatu. Moyo umenilainika. Bila shaka anataka kubaki nyumbani vizuri nikiwa safarini. Pia ameanza kufuma glavu za sufu. Nimezijaribu akiwa jikoni. Zimebana kidogo, vidole havifiki mwisho. Sikumwambia. Nitajikaza.

Ijumaa, 7 Novemba

Mazoezi ya mawimbi, dukani kwetu. Wazo langu mwenyewe! Mwenye duka alikuwa ametoka, kwa hiyo nikateremsha lile hodhi kubwa la maonyesho, lenye miguu ya dhahabu, nikaliweka juu ya mipira minne ya ndani ya matairi. Nikamkalisha Mama humo na mto mgongoni. Nikatikisa. Kushoto, kulia, mbele, nyuma. Jasho lilinitoka. Mama alikaa humo kama yuko kwenye kochi lake, akauliza kama bomba ni la shaba au limepakwa rangi tu.

Kisha akasema sasa ni zamu yangu, niingie yeye anitikise. Mikono ya mkunga ile, jamani! Baada ya dakika moja nikatoka mbio, nikasema kuna mteja. Hakukuwa na mteja. Ilikuwa harufu ya gundi ya vigae, ndiyo iliyonichafua tumbo. Haihusiani na kitu kingine chochote.

Nikiwa nimeinamia sinki nambari saba nikapata wazo la kummaliza mwanyumba. Jumapili twende wote kwenye kivuko cha kuvuka ghuba, tuende na kurudi. Mtu wa friji hawezi bahari. Atatapika mbele ya Mama na habari yake itaishia hapo hapo. Mama kakubali. Mwanyumba kakubali, mjinga yule. Mke wangu akauliza kama nina uhakika. Nikacheka kwa dharau kidogo.

Jumapili, 9 Novemba

Sitaki kuandika. Lakini naandika.

Nilifuata Ushauri wangu wa 9: jaza tumbo barabara kabla ya safari ili lisipate nafasi ya kucheza. Mayai sita, mkate mzima, uji vikombe viwili. Tukafika kivukoni. Mwanyumba kaja na sanduku la barafu begani, eti la soda, kumbe ni maringo tu. Nikapanda, nikasimama mbele kabisa, nikaweka mkono kwenye paji la uso nikitazama mbali. Nikaanza kumweleza Mama tabia za mawimbi.

Injini ikawashwa. Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu. Nikaliona jengo la forodha linapanda polepole, linashuka polepole. Nikajipa moyo. Likapanda tena. Mate yakajaa mdomoni. Nikageuka kutafuta pa kwenda, na kitu cha kwanza kilichokuwa wazi mbele yangu kilikuwa sanduku la mwanyumba.

Mayai yote sita.

Mwanyumba akatazama ndani ya sanduku lake, akatazama soda zake, naye akakimbilia ukingoni. Tukawa wawili. Mama katikati yetu, kamshika huyu kisogo na huyu kisogo, anatuambia tuvute pumzi, tusisukume bado. Abiria wamejaa kutazama. Ndipo mfanyakazi wa kivuko akaja na ufagio, akaniomba radhi kwa upole, akaniambia nisiwe na hofu, safari haijaanza. Kamba hazijafunguliwa.

Aibu! Ningeweza ningejificha ndani ya lile sanduku, kama lingekuwa na nafasi.

Mke wangu alikuwa ameegemea vyuma vya ukingoni, anatafuna karanga, macho yameelekea mbali. Nikamsikia anamuuliza Mama kama amekaa vizuri, kama upepo haumwumizi, na kama bado anataka tuvuke. Wakavuka wao wawili. Sisi wawili tuliwangoja kwenye benchi.

Jumatatu, 10 Novemba

Mama kachagua. Kitanda cha pili ni cha mke wangu.

Kasema hivi, tena bila ukali. Wiki nzima wakwe zake wawili wamemfundisha bahari na barafu, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye anakwenda kuona nini. Binti yake alimwuliza siku ya kwanza, wakiosha vyombo. Kumbe kwenye wodi ya wazazi kulikuwa na kalenda ya zamani ukutani, picha ya mlima wa barafu unaoelea, wa buluu kabisa. Miaka ilipita, hakuna aliyeiondoa. Kina mama waliozidiwa na uchungu aliwaambia waitazame ile picha. Yeye mwenyewe aliitazama miaka thelathini. Anataka kuuona mlima wenyewe, basi.

Nimeumia. Nasema wazi hapa kwa sababu hakuna anayesoma daftari hili. Sikuumia kwa ajili ya Mama, wala mke wangu, anastahili. Nimeumia kwa sababu tangu nikiwa mdogo nataka kwenda mahali kwa meli, na maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuingia ni yale ya hodhi la maonyesho.

Glavu zimemkaa mke wangu sawasawa. Mpaka vidoleni.

Jumanne, 18 Novemba

Wamepanda meli salama jana. Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama.

Sasa kuna jambo dogo. Wiki ile ya kwanza niliwatangazia wanachama kwamba Nahodha anaelekea kusini. Wanangoja habari. Wengine wamejiunga kwa ajili hiyo tu. Nifanye nini, niwavunje moyo watu mia mbili? Mke wangu ananitumia picha kila siku, nzuri ajabu. Picha ni picha. Nimeziweka jukwaani, na chini yake nimeandika: Naandika haya nikiwa sitahani, upepo mkali, vidole vimeganda.

Ili maneno yawe na ukweli ndani yake, nimeandika nikiwa ndani ya lile hodhi la dukani, nimevaa koti zito, feni imewashwa namba tatu. Mteja mmoja akaingia, akataka kulinunua hodhi hilo hilo. Nikamwomba asubiri nimalize kuelezea nyangumi.

Pongezi mia moja na sita! Maji Baridi kimya kabisa. Nimemweza.

Alhamisi, 27 Novemba

Haki ya nani, dunia hii!

Leo asubuhi nimeweka picha ya mlima wa barafu. Mkubwa kama mtaa mzima, wa buluu hasa. Nikaandika kwamba nilipouona mimi, Nahodha, machozi yalinitoka na kugandia mashavuni. Watu wakaguswa. Mmoja akasema amelia ofisini.

Saa nne Maji Baridi akaweka picha yake. Mlima ule ule. Mbele ya mlima, mke wangu na glavu zake. Pembeni ya mke wangu, mkono mbele akijipiga picha, kofia mpaka kwenye nyusi, mama mkwe.

Akaandika kwa adabu yake ile ile. Kwamba yeye pia yumo kwenye meli hiyo. Kwamba wamemtafuta Nahodha sitaha zote tano, chumba cha kulia, hata kwenye boti za mpira, hawajamwona, na pengine mkwe wake amejificha kwa haya. Kwamba tangu mwezi wa nane amesoma kila ushauri wake, akaufuata kinyumenyume, na hajatapika hata siku moja. Anamshukuru sana.

Nilikaa ndani ya hodhi bila kusogea mpaka mwenye duka aliporudi.

Kumbe mwanyumba hakuhusika! Nimemchukia bure kwa jambo hili. Lakini kwa yale mengine yote, nilikuwa na haki.

Jumamosi, 29 Novemba

Mambo si mabaya hivyo. Wanachama sasa ni mia nne na tisa. Mke wangu anasema wamekuja kucheka. Mimi nasema wamekuja.

Na kuna habari njema! Mama ameniandikia faragha. Hana kinyongo. Kasema aliposimama mbele ya ule mlima alilia kweli, akaniombea na mimi nifike siku moja. Miaka miwili ijayo, Mungu akipenda, anataka kwenda kaskazini, na kitanda cha pili kitakuwa changu kwa sharti moja tu. Nipande kile kivuko mara kumi, kwenda na kurudi, bila kutapika. Polepole, kwa wakati wangu. Kasema tumbo hufundishwa, hata la mtoto mchanga.

Nimesoma ujumbe ule mara tatu. Macho yalinilowa, sikatai.

Kisha nikatafakari. Mara kumi! Kwenda na kurudi! Mtu mwenye uzoefu wangu? Hapana, akili ndiyo itakayofanya kazi hapa. Nikakaa nikatoa Ushauri wa 41: Namna ya Kuvuka Ghuba Mara Kumi kwa Siku Tano. Nikaeleza kwa kirefu jinsi nilivyovuka wiki hii, asubuhi na jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, tumbo limetulia kabisa, nikiwafariji abiria dhaifu. Nikamtumia Mama nakala.

Jibu limekuja kabla chai haijapoa. Maji Baridi, jukwaani, mbele ya watu mia nne na tisa, ananipongeza, na anaomba kuelewa kitu kidogo tu. Mwanyumba wangu, anayetengeneza friji ya kantini ya kivuko, amempelekea picha. Kivuko, ambacho ghuba nzima ina kimoja tu, kimepandishwa nchi kavu tangu wiki iliyopita, kinapakwa rangi.

Nimemjibu kwamba nilitumia kile kingine.