Jina Letu Limeondoka na Shemeji

Leo uso wangu sina pa kuuweka. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana ukumbi ulijaa na kila mtu alikuwa na simu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi, Tunda la Baridi. Wanachama wengi wako Makambako, mimi naishi Njombe mjini. Siku zote mnunuzi wetu ni mmoja: Festo, dalali. Anafika shambani, anatazama mti, anataja bei bila kushuka kwenye pikipiki. Ukikataa anakwambia haya, subiri mwingine. Mwingine haji. (Festo pia amemwoa dada yangu. Kwa hiyo ni shemeji, na shemeji hatukanwi.)

Ndipo tukaamua kuwa na tovuti, ili mnunuzi wa mbali atuone wenyewe na atupigie wenyewe. Aliyeamini kuliko wote ni Shangazi Eda, mwenyekiti wetu. Msimu huu amegoma kumvunia Festo. Parachichi zake zimekomaa, ziko mtini, zinamsubiri huyo mnunuzi wa mbali.

Oliva, dada anayetutengenezea hiyo tovuti, alinionya mapema. Akaniambia jina la tovuti ni la yule anayewahi kulisajili, basi. "Kaka, linunue leo, kimya kimya, ulifunge lisihamishwe. Sherehe baadaye."

Nilimwelewa vizuri kabisa. Sikufanya.

Sababu ninayo. (Siyo nzuri.) Huwezi kumwalika mgeni rasmi ukamkosesha cha kuzindua. Shangazi alitaka akate utepe. Mimi nikasema utepe umepitwa na wakati. Tuliache jina bila kulinunua, siku ya uzinduzi tuwashe projekta, mgeni rasmi abonyeze kitufe cha kununua mbele ya watu wote. Wazo hilo lilikuwa langu. Nililitetea kikaoni nimesimama.

Basi asubuhi nikapanda gari kwenda Makambako. Ukungu mpaka chini, baridi ya kukata masikio. Nakuta ukumbi wa kanisa umeshajaa, wanachama wamevaa fulana za kikundi juu ya masweta, wamevimba kama magunia ya viazi. Mgongoni, kwa herufi kubwa, anwani ya tovuti. Anwani ambayo bado hatukuwa nayo. Fulana nilizipeleka kuchapishwa mimi. Nilizitazama nikafurahi moyoni.

Meza kuu walikaa mgeni rasmi, mchungaji, Shangazi Eda na Festo. Mtauliza nani alimwalika Festo. Mimi. Viti vilikuwa vyake, jenereta lilikuwa lake, na mtu aliyekupa viti humwambii asimame nje.

Mshereheshaji akaanza kwa salamu ya kwetu. "Kamwene!" Ukumbi ukajibu. Akatambulisha wageni, akatambulisha waliowasindikiza wageni, akamtambulisha hata fundi wa jenereta. Kisha akasema kabla ya risala tulijue jina la tovuti yetu. Akalisoma herufi kwa herufi. Akawataka watu warudie. Wakarudia. Akasema hajasikia upande wa akina mama. Wakarudia tena, kwa nguvu, mpaka na nukta zake.

(Nilipiga makofi. Naomba hilo lisipotee kwenye kumbukumbu.)

Ikafuata risala, nayo nilisoma mimi. Nina tabia ya kuangalia watu huku nikisoma, na nilimwona Festo. Alikuwa amevaa miwani, simu ameiweka juu ya meza, anaandika kwa kidole kimoja, polepole, huku akimtazama mgongoni mwanachama wa mstari wa mbele aliyegeuka kuongea na mwenzake. Nikadhani ananukuu risala. Nikaongeza sauti.

Nilipofika mahali pa kusema "jina hili sasa ni mali yetu, na hakuna atakayetunyang'anya," Festo aliinua kichwa, akatabasamu, akavua miwani.

Mgeni rasmi akaitwa. Nilikuwa nimeandaa kila kitu kwenye kompyuta, amebakiziwa kitufe kimoja tu. Akakunja mkono wa koti, akahesabu pamoja na watu, akabonyeza.

Ukutani yakatokea maandishi mekundu, ya Kiingereza. Mshereheshaji hakuyasoma, aliona rangi tu. Akaita makofi na vigelegele. Akina mama wakasimama. Kwaya ikadaka wimbo. Watu walishangilia, wengine kwa kuruka, sentensi inayosema samahani, jina hili halipatikani tena.

Mgeni rasmi akaniinamia. "Katibu, hii nyekundu ndiyo kawaida yake?"

Nikamwambia ni mtandao. (Tunausingizia mengi.) Nikajaribu tena. Nyekundu. Nikampigia Oliva, nikaweka sauti ya nje ili mkono mmoja ubaki kwenye kompyuta. Nilichosahau ni kwamba mkono wa pili ulishika simu pamoja na kipaza sauti, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

Sauti ya Oliva ikatoka kwenye spika zote za ukumbi.

"Kaka, limeshasajiliwa. Limesajiliwa leo hii, mkiwa humo ndani. Nilikwambia nini mimi?"

Kwaya iliacha wimbo katikati. Nikasikia jenereta tu. Mgeni rasmi aliukunjua mkono wa koti, akaurudisha taratibu mahali pake.

Mshereheshaji, kwa kutaka kutuokoa, akarukia kipengele kilichofuata: neno la shukrani. Aliyepangiwa ni Festo. (Ratiba niliandika mimi.) Akashukuru vizuri. Alisema kikundi hiki kina jina zuri sana.

Wakati wa chakula akanijia na sahani ya pilau, akaketi karibu yangu kama ndugu.

"Shemeji, usihangaike. Niliona mnalitangaza hovyo, nikalichukua mimi kabla halijaibiwa."

Nikamwomba atukabidhi. Akatafuna kwanza. Akasema lipo tu, liko nyumbani. Mnunuzi akipiga atapokea yeye, halafu atatuambia.

Oliva amesema malalamiko yanaweza kupelekwa, ila huchukua muda. Nilienda kumweleza Shangazi Eda. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha Festo, fulana juu ya sweta, sahani hajaigusa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mtu wa mbali akipiga, anapokea Festo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na parachichi hazitaingoja hiyo kesi."

Shangazi akafuta mikono kwa leso, ingawa haikuwa na kitu. Akaniambia nimwite shemeji yangu, amwambie aje kuvuna. Festo alikuja. Alitaja bei hapo hapo, sahani mkononi, bila kuuona mti.

Jioni niko stendi ya Makambako nangoja gari la Njombe. Mtu nyuma yangu akasoma mgongo wangu, akaandika kwenye simu yake. Ikafunguka picha ya Festo, amekaa kwenye pikipiki, na namba yake chini. "Kumbe wewe ni wa kwa Festo," akaniambia, kwa wema tu. Nikatazama stendi. Wanachama wenzangu walikuwa wanatawanyika kila upande, mmoja baada ya mwingine, wanamtangazia biashara bure mpaka majumbani kwao.

Niliingia chooni nikaigeuza fulana, ndani nje. Ndivyo nilivyo sasa garini, kwenye kiti cha dirishani, naandika. Kitambaa ni chepesi na herufi bado zinaonekana, kinyumenyume. Ukinikuta mjini ukaweza kuzisoma, tafadhali, soma kimoyomoyo.