Diski Pacha za Nyimbo za Marehemu Phares

Jumatatu, 1 Novemba 1999
Mtaa mzima wa Makongeni haujui una fundi! Nimeunganisha diski ya nje na ile ya ndani ya kompyuta, zimekuwa pacha. Linux, programu inayoiendesha kompyuta, inaandika kila kitu kwenye zote mbili kwa mpigo. Moja ikifa, nyingine ipo. Humo nimechapa nyimbo mia mbili na kumi na mbili za marehemu Phares, mwalimu wa kwaya yetu. Mjane wake, Mama Kezia, alinikabidhi daftari lenyewe. Ibada ya kumbukumbu yake ni tarehe 14, ukumbi wa Kaloleni. Wekulo, mwenzangu wa kwaya, na taipureta yake ya kuchapia, aliitaka sana kazi hii. Pole yake.

Jumatano, 3 Novemba
Nilimwita Wekulo ashuhudie. Nikachomoa waya wa diski ya nje mbele yake. Nyimbo zikabaki kwenye skrini! Nikaurudisha, diski zikapatana tena. Akauliza nakala nyingine iko wapi. Nikamwambia hii ndiyo nakala. Akakuna kidevu, akaomba chai. Wivu mtupu.
Jioni nikamrudishia Mama Kezia daftari. Nikamwambia karatasi imepitwa na wakati.

Jumamosi, 6 Novemba
Msiba! Nilitaka kufuta rasimu za zamani tu. Kidole kikaacha nafasi moja pasipotakiwa katika amri. Linux ikaisoma kama "futa vyote", wala haikuuliza neno. Nyimbo zote, kwisha. Nikaikimbilia diski ya nje. Tupu! Kilichofutwa huku kilifutwa kule papo hapo. Pacha mtiifu mno.
Mbio kwa Mama Kezia, kuomba daftari. Kumbe Alhamisi alilichana, akawagawia akina mama wa maombi, kila mmoja ukurasa wa ukumbusho. "Si ulisema karatasi imepitwa na wakati, mwanangu?" Nikanywa uji wake. Sikuthubutu kumwambia.

Jumapili, 7 Novemba
Nimebisha milango tangu ibada iishe. Wengine wameshatuma kurasa kwao Butere. Benta amekataa kabisa kuutoa wake, anasema analala nao chini ya mto. Nimepata nyimbo tisa. Moja ina mafuta ya taa.

Jumatatu, 8 Novemba
Kwa Wekulo. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akavuta droo: nyimbo zote, nakala za kaboni! Aliwahi kuazima daftari kwa Mama Kezia kabla yangu, akachapa kwa mapenzi yake. Alisema Phares ndiye aliyemvumilia alipokuwa na sauti kama ya mbuzi. "Chukua, ndugu yangu." Bora angenitukana.

Jumatatu, 15 Novemba
Jana ukumbi uliimba hadi Mama Kezia akasimama na kucheza. Nilimwambia ukweli. Alinishika mkono, akasema hata Phares alikuwa akipoteza miwani kila wiki.
Wekulo amenisihi nibaki na seti moja ya karatasi. Nimekataa kwa heshima, sina pa kuiweka. Nimeshaligundua kosa langu: diski mbili ni chache! Leo nimefunga ya tatu, nayo pacha. Jumamosi nawaalika majirani. Nitachomoa nyaya mbili kwa mpigo.